Faraday: Mwana wa mhunzi aliyejifungia kizimbani kuuchunguza umeme

HEBU simama siku moja kwenye kibanda cha fundi wa simu, iwe ni Makongeni kule Thika au Kimbo huku Ruiru, umtazame akifungua simu. Skrini inatoka, betri inatoka, inabaki bodi. Juu ya ile bodi utaona vijumba vya bati vinavyong'aa, vimefunika chipu kama sufuria ndogo zilizopinduliwa. Fundi anawasha blowa, risasi inayeyuka, kibati kinang'oka. Anakitupa kando. Akimaliza kubadilisha chipu, mara nyingi kibati hakirudi. Simu inawaka, unalipa, unapanda zako matatu.

Siku chache baadaye unaanza kulia. Mtandao unakatika, mtu anakuambia sauti yako inakwaruza, intaneti inavuta miguu hata ukiwa chini ya mnara. Unalaumu kampuni ya simu. Huenda unaionea bure. Huenda shida ni kile kibati kilichobaki mezani kwa fundi.

Kibati hicho kina baba yake, naye aliitwa Michael Faraday. Jina lake umelipata kwenye kitabu cha fizikia cha sekondari, ukalikariri kwa ajili ya mtihani, ukalisahau. Leo nataka ujue alikuwa nani, kwa sababu maisha yake yanafanana na ya vijana wengi wanaoshika bisibisi hapa kwetu kuliko vile kitabu kilikuonyesha.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 katika kijiji cha Newington, ambacho leo kimemezwa na London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, na mhunzi mwenyewe alikuwa mgonjwa mgonjwa, kwa hivyo kuna siku kazi ilifanyika na kuna siku haikufanyika. Watoto walikuwa wanne. Husimuliwa kwamba mwaka 1801, bei ya chakula ilipopanda, Michael alipewa mkate mmoja wa kula wiki nzima. Shule alisoma kidogo tu: kusoma, kuandika na hesabu za dukani. Basi.

Akiwa na miaka 13 alianza kazi ya kutumwatumwa na muuza vitabu mmoja, George Riebau, akipeleka magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata Riebau akamchukua kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Miaka saba! Kazi yenyewe ni kushona kurasa, kupaka gundi, kupiga ngozi, kurudia. Lakini vitabu vile vilikuwa na maandishi ndani, na kijana alikuwa anavisoma kabla ya kuvifunga. Siku moja ilimfikia juzuu ya ensaiklopidia ya Britannica, akakuta makala kuhusu umeme. Hapo ndipo alipotekwa. Akachukua sarafu za shaba za nusu peni, akazipanga na vipande vya zinki, katikati akaweka karatasi iliyoloweshwa maji ya chumvi, akapata betri yake ya kwanza. Riebau angeweza kumfukuza kwa kuchezea moto dukani. Badala yake alimwachia nafasi.

Mimi ni mmoja wa walioacha chuo, kwa hivyo nakutana sana na zile picha mitandaoni zenye sura ya Faraday na maneno ya kudai shule haina maana. Huwa nazipita tu. Faraday hakuiacha shule, shule ndiyo iliyomwacha kwa sababu ya pesa. Na hakujifunza peke yake kama miujiza. Alikuwa na bosi aliyemruhusu kusoma kazini. Alikuwa na kaka, Robert, mhunzi kama baba yao, aliyekuwa akimpa shilingi ya kiingilio ili akasikilize mihadhara ya sayansi ya jioni. Alikuwa na marafiki wa kuandikiana nao barua ili wasahihishane lugha. Mtoe Riebau na Robert kwenye hadithi hii, umebaki na mjalidi vitabu mwingine tu ambaye hakuna anayemjua.

Mwaka 1812 mteja wa duka, mwanamuziki William Dance, alimpa tikiti za mihadhara ya Humphry Davy katika taasisi ya Royal Institution. Davy wakati huo alikuwa nyota. Watu wa tabaka la juu walijaza ukumbi kumtazama akichanganya kemikali. Faraday alihudhuria mihadhara minne, akaandika kila kitu, akachora vyombo vyote, akarudi nyumbani na kuvijalidi kuwa kitabu cha takriban kurasa 300. Kumbuka kujalidi ndiyo ilikuwa fani yake. Alikuwa tayari amemwandikia rais wa Royal Society, Joseph Banks, akiomba kazi yoyote ya sayansi, hata ya kuosha chupa. Alipokwenda kuulizia, bawabu akamwambia hakuna jibu.

Kitabu kile alikituma kwa Davy. Davy alimpokea vizuri, akamshauri abaki na kazi yake ya vitabu. Lakini mapema mwaka 1813 msaidizi wa maabara alipigana na mtengenezaji wa vyombo, akafutwa, na nafasi ikapatikana. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday akaingia Royal Institution, akapewa vyumba viwili vya darini. Alikuwa na miaka 21. Alikaa katika jengo hilo karibu maisha yake yote.

Usidhani milango ilifunguka ikabaki wazi. Oktoba mwaka huohuo Davy alifunga safari ya Ulaya akamchukua. Mtumishi wa Davy alikataa kwenda kwa sababu ya vita vya Napoleon, na Faraday akaombwa ashikilie hiyo kazi pia, kwa muda tu. Muda tu ukawa safari nzima. Mke wa Davy alimchukulia kama mtumishi wa nyumbani na wala hakutaka ale mezani pamoja nao. Mara kadhaa nusura arudi London aachane na sayansi kabisa. Lakini katika safari hiyohiyo alikutana na Ampère mjini Paris na Volta mzee kule Milan. Hayo majina mawili ndiyo uliyoyaona kwenye chaja yako kama A na V.

Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard, wakaishi ghorofani pale taasisini. Septemba ya mwaka huo akafanya waya wenye umeme uzunguke sumaku, ukielea ndani ya zebaki. Hiyo ndiyo mota ya kwanza ya umeme, nyanya ya mota zote unazozijua: feni, posho mili, na zile pikipiki za umeme zinazopita kimya kwenye bypass ya Ruiru. Aliharakisha kuchapisha, na hapo akaingia matatani. Wapo waliosema wazo alilichukua kwa William Wollaston, mwanasayansi mkubwa wa wakati huo. Alipopendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society, aliyempinga zaidi alikuwa Davy, bosi wake, ambaye sasa ndiye alikuwa rais wa chama. Januari 1824 kura zilipigwa na Faraday akapita, kura moja tu ikimkataa. Hakuna anayejua kwa hakika nani aliipiga. Kila mtu ana wazo lake.

Sasa twende kwenye kibati.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alichukua pete ya chuma yenye upana wa sentimita kama 15, akaizungushia waya upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili. Nyaya hizo mbili hazikugusana. Alipounganisha betri kwenye waya wa kwanza, sindano iliyokuwa kwenye waya wa pili ikaruka kidogo, ikatulia. Alipokata betri, ikaruka tena kuelekea upande wa pili. Umeme ukikaa tuli, hakuna kitu. Ukibadilika, jirani anausikia. Oktoba akaona vilevile kwamba sumaku ikisukumwa ndani ya koili, umeme unazaliwa. Ule mtambo wa Ndula uliojengwa mwaka 1925 kwenye Mto Thika ulifanya kazi kwa kanuni hiyo tu: maji yanazungusha mashine, sumaku na koili vinapishana, stima inatoka.

Lakini kugundua kwamba waya unaweza kuathiri waya mwingine bila kuugusa ni kama kugundua kwamba jirani anasikia mambo yako kupitia ukuta. Kuna faida, na kuna udaku. Ukiwa na simu ya mulika mwizi karibu na spika, sekunde chache kabla haijalia utasikia ile titi-titi-titi. Abiria wa Thika Road wanaijua, hukatiza ngoma katikati ya safari. Simu ya 2G haitumi mawimbi mfululizo, hutuma kwa kudonoadonoa, karibu mara 217 kwa sekunde, na nyaya za spika huudaka mdono huo na kuugeuza sauti. Spika haijaharibika. Imesikia yasiyoihusu. Wenyewe wenye fani huita mwingiliano wa sumakuumeme.

Ndani ya simu hali ni mbaya zaidi kwa sababu kila mtu anaishi chumba kimoja. Simu hiyo ya 2G ikiongea na mnara inaweza kutoa hadi wati 2 kwa kila mdono. Ikisikiliza, inaweza kutegemea mawimbi yenye nguvu chini ya sehemu moja ya trilioni ya wati. Kando yake kuna prosesa na memori zinazopiga mamilioni ya mapigo kila sekunde, na kila pigo linatoa kelele yake. Ni sawa na kujaribu kusikia mnong'ono wa mtu stejini Thika wakati makanga kumi wanaita abiria. Kitu cha kwanza utakachotaka ni ukuta.

Ukuta huo Faraday aliujaribu kwa mwili wake.

Ilikuwa Januari 1836. Katika ukumbi wa mihadhara wa Royal Institution alijenga chumba cha fremu ya mbao, futi 12 kila upande. Akakizungushia karatasi, waya za shaba na vipande vya foili vikaunganishwa pamoja, akakisimamisha juu ya vioo ili umeme usipate njia ya kuteremka sakafuni. Kisha akaleta mashine kubwa ya kuzalisha umeme tuli, ikaanza kukishindilia kile chumba kwa nje mpaka cheche zikaruka kutoka pembeni. Na yeye akaingia ndani. Alikuwa na mishumaa iliyowashwa na vipimo vyake nyeti kabisa vya kunusa umeme, akakagua kila kona.

Hakupata kitu. Nje cheche zinapasuka, ndani vipimo vimelala usingizi.

Sababu si ngumu. Chaji za aina moja husukumana, na katika metali ziko huru kutembea. Hukimbiana mpaka zote zikajikuta kwenye ngozi ya nje, na zikishajipanga pale, msukumo wao ndani hufutana mpaka sifuri. Chumba hicho leo huitwa kizimba cha Faraday. Ndio maana radi ikipiga gari la bati ukiwa ndani, umeme hupita kwenye bodi kwenda chini na mara nyingi hukuacha salama, mradi tu hujashika chuma.

Hapa niseme jambo ambalo watu wengi huruka. Kile alichothibitisha Faraday mwaka 1836 kilihusu umeme uliotulia. Mawimbi ya simu hayatulii, na wakati ule hakuna aliyeyajua. Lakini angalia vile vipande viwili vinavyokutana. Wimbi likigonga bati, linasukuma elektroni huku na huku. Mwendo huo, kwa kanuni ileile ya mwaka 1831, nao unazaa wimbi lake linalopingana na lile lililokuja. Sehemu kubwa ya wimbi inarudishwa, kidogo kinachopenya kinafia ndani ya bati. Kizimba na pete ya chuma vimefanya kazi pamoja.

Jaribu mwenyewe nyumbani. Funga simu kwa foili ya jikoni mara mbili tatu, ukikunja kingo vizuri, kisha ipigie. Kuna uwezekano mkubwa utaambiwa mteja hapatikani. Sasa itoe, iweke ndani ya sufuria na uifunike. Wengine watashangaa ikilia! Sufuria ina metali nzito kuliko foili, lakini kati ya mfuniko na mdomo kuna ufa unaozunguka, na wimbi hujali urefu wa ufa, si unene wa bati. Wimbi la simu la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, kwa hivyo ufa mrefu ni mlango kwake. Ule wavu kwenye kioo cha maikrowevu una matundu ya milimita chache tu, ilhali wimbi la mle ndani lina sentimita 12. Unaona chakula kikizunguka na mawimbi hayakuoni. Na ukiwa unaishi kwenye chumba cha mabati na unalazimika kutoka mlangoni ndipo upige simu, sasa unajua unaishi wapi.

Kwa hivyo kibati cha simu yako hakikuwekwa kama urembo. Tena hakiwezi kufunika kila kitu, maana antena lazima ibaki nje, la sivyo simu ni bubu. Wahandisi hufunika zile sehemu zinazopiga kelele, na zile zinazosikiliza huzipa kijumba chao. Vilevile ndivyo ilivyo kwenye traka inayofichwa kwenye bodaboda ya mkopo: moduli ya mtandao imevaa bati, kwa sababu hatua chache tu kutoka hapo kuna plagi inayorusha cheche mfululizo, na kila cheche ni kituo kidogo cha redio kisicho na leseni. Na kibati kikirudishwa, kirudishwe sawasawa. Kimelehemiwa pande zote kwenye sehemu ya bodi inayoungana na hasi ya betri. Ukikishika kwa nukta moja tu ya risasi, ufa umebaki, na bati lenyewe linaweza kugeuka antena. Wapo mafundi waangalifu ambao, kikipotea au kikipinda, huziba kwa utepe wa shaba na kulehemu kingo. Fundi wa hivyo ukimpata, shika namba yake.

Turudi kwa mwenyewe. Faraday hakuwahi kujua hisabati za juu, na hili lilimsumbua hadi mwisho. Alichora. Alimwaga unga wa chuma kwenye karatasi juu ya sumaku, akaona mistari, akaamini kwamba ile nafasi tupu kati ya vitu si tupu, imejaa mistari ya nguvu. Wasomi wa vyuo wengi waliona hayo ni mawazo ya mtu asiyejua milinganyo. Kisha akatokea kijana Mskoti, James Clerk Maxwell, aliyesomea Cambridge, akaichukua ile michoro kwa heshima na kuanza kuiandika kwa hisabati. Mwaka 1857 Faraday, mzee wa miaka 66, alimwandikia kumuuliza kama wanahisabati hawawezi, wakishamaliza kazi yao, kuyaeleza matokeo kwa lugha ya kawaida pia, ili watu kama yeye wayatumie kwa majaribio. Mwaka 1865 Maxwell alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mistari ile inaweza kutembea kama mawimbi, kwa kasi ya mwanga. Heinrich Hertz aliyazalisha mawimbi hayo maabarani Ujerumani kati ya 1887 na 1888. Redio, simu, Wi-Fi, vyote vinatoka hapo.

Faraday hakuyaona. Tangu karibu mwaka 1840 kumbukumbu yake ilikuwa inamtoroka. Aliandika kila jaribio kwenye shajara na kulipa kila aya namba, na mwishoni shajara ilijua mengi kuliko yeye. Alikuwa muumini wa kanisa dogo la Wasandemani, watu wasiopenda kulimbikiza mali. Alikataa urais wa Royal Society mara mbili, akakataa pia cheo cha kuitwa Sir. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi bila kodi pale Hampton Court, na hiyo aliikubali. Yeye na Sarah hawakujaliwa watoto. Miaka yake ya mwisho alikuwa akikaa tu dirishani, haelewi sana, mkewe akimtunza.

Alifia kwenye kiti chake tarehe 25 Agosti 1867. Watu wakubwa wa Uingereza huzikwa Westminster Abbey, lakini yeye hakutaka. Alizikwa kwenye makaburi ya Highgate, kaskazini mwa London, katika sehemu ya watu wasio wa kanisa la taifa. Kwenye jiwe kuna jina lake na tarehe mbili, na jina la Sarah, aliyemfuata mwaka 1879.